Boneti Ambayo Sikuifungua

Mikindani,
2 Juni 2024

Mpwa wangu Sharifa,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia. Huku tunaendelea vizuri. Mguu wa Mama Yusufu umepungua uvimbe, amerudi kugombana na kuku wa jirani. Mama yako nilimpitia Mpapura nikamkuta anapalilia mihogo huku ananung'unika kwamba binti yake anampigia simu akiwa barabarani, hasikii kitu isipokuwa honi. Nikamwambia simu ni ya kujulishana nani amefariki, mambo mengine yanataka karatasi. Ndiyo maana nakuandikia kama nilivyokuandikia ulipokuwa bwenini. Barua hii utaipata kwa kondakta wa basi, pamoja na kikapu cha makopa ya muhogo.

Sasa sikia. Kampuni imetununulia pikapu mpya nane, zile kubwa za mzigo mzito, na zimetoka hukohuko kwenye duka la magari unakofanya kazi. Nilipopewa ufunguo niliuliza mara mbili kama ni wangu kweli. Kiti chake cha bwana harusi. AC inapuliza mpaka Amiri, dereva mwenzangu yule mwenye domo, alikuja kazini amevaa sweta ili watu wamuulize.

Unajua msimu huu kazi yetu ni kupeleka salfa, dawa ya mikorosho, vijijini, Kitaya, Kilambo, kote huko bondeni mwa Ruvuma. Salfa ni unga wa manjano, na hata mfuko ukishonwa vipi, unatoka tu. Ukifungua kioo unakula salfa. Ukifunga kioo bila AC unachemka kama muhogo chunguni. Kwa hiyo AC kwetu si starehe, ni pumzi.

Na AC zinakufa. Ya Amiri ilikufa kwanza, zikafuata mbili nyingine, na juzi ya kwangu. Inakuhemea usoni hewa ya moto kama mtu mwenye homa. Hata kabla haijafa nilikuwa na ujanja wangu wa tangu enzi za malori. Nachukua kanga kuukuu ya Mama Yusufu, nailowesha, naitundika kwenye yale matundu ya upepo ya dashibodi. Inanasa salfa, na upepo unatoka umepoa maradufu. Wenzangu wanasema gari langu ni chumba cha mzazi, limekosa mtoto tu. Nimekuandikia na wewe ucheke.

Mjomba wako,
Salumu


Tabata, Dar es Salaam,
19 Juni 2024

Mjomba Salumu, shikamoo.

Makopa yamefika salama. Nimeyala na jirani yangu Elizabeti, mwalimu kutoka Iringa, ambaye kwanza aliuliza kama ni chokaa, kisha akaomba aongezewe. Mwambie Mama Yusufu nimefurahi kusikia kuhusu mguu. Nimesikia mtoto wa dada Rehema anaingia unyagoni mwezi huu. Natuma vitenge viwili kwa kondakta huyohuyo.

Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio kazini. Niko kitengo cha dhamana, kile kinachoamua gari likiharibika nani alitengeneze. Mkuu wetu, Bwana Fredi, hapazi sauti akikasirika. Anavua miwani tu na kuifuta. Meza yangu inatazamana na yake, na nimejifunza kuiogopa miwani ile zaidi ya nilivyomwogopa mwalimu yeyote.

Habari ya kanga imenichekesha, kisha nikaisoma tena. Hebu niambie zaidi, kwa udadisi tu. Unailowesha sana au kidogo? Inakaa pale muda gani? Maji hayaingii ndani ya matundu? Na madereva wengine wanafanya hivyo? Unanijua, tangu utoto napenda kujua kitu kinavyofanya kazi.

Nisalimie nyumba nzima.

Mpwa wako,
Sharifa


Mikindani,
7 Julai 2024

Sharifa, mpwa wangu msomi,

Barua imenifikia imelowa kona moja. Kondakta anasema ni mvua, lakini mvua iko wapi mwezi huu, ni jasho lake. Vitenge vimefika. Mtoto wa Rehema ametoka unyagoni, sasa ananitazama kama mimi ndiye mdogo. Mama yako mzima. Macho yangu tu ndiyo mekundu kwa salfa, mpaka watu wa Kitaya wananiuliza nimefiwa na nani.

Umeniuliza ya kanga na mimi nimefurahi kupita kiasi. Niliwasomea wenzangu pale yadi. Nikawaambia, "Injinia wa Dar es Salaam ananiuliza mimi, Salumu wa darasa la saba."

Amiri akasema, "Anataka kujua kama mjomba wake akili bado anazo."

Bwana Innocent, msimamizi wetu wa magari, alikuwa anapita. Akasema, "Mwambie atuletee gesi, hizo kanga aziache." Tukacheka sote, na yeye akacheka, jambo ambalo si la kila siku.

Haya, majibu yako. Nailowesha mpaka inachuruzika, ikiwa nusu kavu haina kazi. Kuhusu maji kuingia, sikufichi, yanaingia kidogo. Nayasikia huko ndani yanatiririka. Inakaa kutoka yadi hadi Kilambo, pale naichovya tena mtoni. Wengine hawafanyi, wana vichwa vigumu. Amiri anafunga vioo na kuchemka kimyakimya. Mwenye hekima ni mimi peke yangu.

Sasa AC zote nane zimekufa. Kampuni imewaandikia wauzaji, yaani ofisini kwenu, waje wazitengeneze bure kwa kuwa gari bado zina dhamana. Tunasubiri jibu. Ukimwona anayeshughulikia jambo hilo, mwambie mjomba wako anaiva.

Salumu


Tabata,
3 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa na afya. Samahani nimechelewa kuandika, kazi zimekuwa nyingi.

Nimethibitishwa kazini. Bwana Fredi alinisifu mbele ya wenzangu kwa taarifa moja niliyoiandika. Mama nimemwambia kwa simu, akapiga kigelegele, nikaisogeza simu mbali na sikio.

Nakutumia dawa ya macho na miwani ya kuzuia vumbi. Tafadhali ivae, usiiweke kabatini ukingoja sikukuu.

Ya viyoyozi siwezi kuyaeleza kwa barua, ni mambo ya ofisi.

Mpwa wako,
Sharifa


Mpapura,
8 Septemba 2024

Kwa Sharifa,

Salamu. Dawa na miwani nimepata, ahsante. Mimi mzima. Mama yako mzima. Mama Yusufu mzima. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu. Hongera kwa kuthibitishwa kazini.

Kwa sasa niko Mpapura, namsaidia mama yako shambani. Ukiandika, andika huku.

Ni mimi,
Salumu


Tabata,
22 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Kama huwezi kuniitikia mimi, iitikie salamu.

Niliisoma barua yako nikitafuta mzaha, sikuupata hata mmoja. Umewataja watu wa nyumbani mmoja baada ya mwingine, huyu mzima, huyu mzima, kama mtu anayehesabu mbuzi jioni. Tangu nipo shule hujawahi kunitumia ukurasa usiojaa. Nikampigia mama. Akasema, "Mjomba wako yuko likizo." Nikamwuliza tangu lini dereva wa salfa akapewa likizo kabla salfa haijaisha. Akaniambia niache kumhoji kama polisi.

Sijui umefanywa nini. Lakini najua mimi nilifanya nini, na nimeogopa kukuandikia kwa sababu nilijua nikianza nitalazimika kumaliza.

Nilipokuuliza habari ya kanga, nilisema ni udadisi tu. Haukuwa udadisi. Faili la pikapu zenu lilikuwa mezani kwangu. Bwana Fredi alinipa akaniambia nitafute chanzo, na akaongeza kwamba chanzo kikiwa kwa mtumiaji, dhamana haihusiki. Hakuniagiza niandike uongo. Ningependa kukuambia kwamba aliniagiza, ningepumua. Niliomba nije Mtwara nizione gari. Akavua miwani. Nikasema basi, si lazima.

Sikufungua boneti hata moja, mjomba. Nilikuwa na barua zako mbili.

Niliandika kwamba madereva wana tabia ya kuziba matundu ya upepo kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji. Kwamba unyevu ukachanganyika na salfa, ukaganda ndani, kompresa ikaelemewa. Maelezo yalikaa sawa. Hata leo nikiyasoma yanakaa sawa, na hilo linanitisha kuliko kama yangekuwa upuuzi.

Niliandika "vitambaa". Sikuandika "kanga". Nilikaa na neno hilo asubuhi nzima, nikilifuta na kulirudisha, nikijiambia nakuficha. Mtu asiyejua kwamba anamsaliti mwenzake hahangaiki na neno asubuhi nzima. Kisha nikaandika "madereva". Nilikuchukua wewe mmoja nikakufanya wengi, ilhali uliniandikia waziwazi kwamba wengine hawafanyi, na kwamba AC ya Amiri, asiyetumia kanga, ndiyo iliyotangulia kufa. Sentensi hiyo niliiona. Niliipita kama mtu anavyompita barabarani anayemdai salamu.

Ndiyo taarifa niliyosifiwa. Ndiyo iliyonithibitisha kazini.

Mwezi huu yamekuja malalamiko ya pikapu za aina ileile kutoka Shinyanga. Huko hakuna salfa wala mikorosho. Moja ililetwa gereji kwetu, na safari hii niliifungua kwa mikono yangu. Bomba la gesi linapita karibu mno na kipande cha chuma nyuma ya rejeta. Barabara mbaya inalitikisa, linasuguana, linatoboka. Tundu lenyewe hulioni mpaka upake povu la sabuni. Ni kosa la kiwandani. Povu lilipoanza kuvimba mahali pale, fundi alifurahi, akasema, "Huyu hapa." Mimi nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya tangi la maji nikijifanya nanawa.

Nimemwambia Bwana Fredi. Amejibu kwamba ya Shinyanga tutayatengeneza, ya Mtwara yamefungwa. Sikubishana naye. Nakuandikia hilo pia ili usidhani nimepigana.

Niambie umepatwa na nini. Na tafadhali usinihurumie katika kuniambia.

Sharifa


Mpapura,
20 Oktoba 2024

Sharifa,

Marahaba.

Nimechukua muda kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuta naandika maneno ambayo mjomba hamwandikii mpwa. Sasa yameisha, nadhani.

Umeniambia nisikuhurumie. Haya.

Nilijua tangu mwezi wa nane. Jibu la ofisi yenu lilipofika, Bwana Innocent alitukusanya yadi akalisoma kwa sauti. Alisoma kwa Kiingereza, halafu akatueleza kwa Kiswahili. Alipofika kwenye vitambaa vilivyoloweshwa, hakuna aliyenitazama. Wote walitazama chini, karibu na miguu yangu. Watu wasingekwepa kunitazama hivyo hata ningekuwa uchi.

Amiri ndiye aliyesema kwanza. Aliuliza kwa upole, na yeye upole si desturi yake: "Mjomba Salumu, huyo mwandishi maneno haya kayaokota wapi?"

Jibu walikuwa nalo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewasomea barua yako na kujisifu.

Tulisimamishwa sote wanane mpaka kampuni iamue nani kaharibu nini. Pikapu wakapewa vibarua. Kusimamishwa si kitu, nimewahi kusimamishwa. Kilichonitoa Mikindani ni kwamba watu waliacha kuzungumza nikitokea. Nikifika kwenye kahawa, mazungumzo yanageuka kuwa hali ya hewa. Watu niliokaa nao barabarani miaka yote ile, tunajuana nani analala kwenye usukani, nani ana nyumba ndogo Nanyamba, sasa wananiambia leo kuna joto. Wanaogopa nitaandika. Ijumaa moja msikitini nilijipanga safu ya mbele, na Amiri, ambaye siku zote husimama bega kwa bega na mimi, akabaki safu ya nyuma. Nikaona niende kwa dada yangu nikapalilie.

Mama yako hajui ni wewe. Kwangu hatalijua.

Lakini kuna jambo linanisumbua, na kwa elimu yako labda utaliweza. Kwetu mpwa akikosea, anayeitwa ni mjomba. Mjomba ndiye anayesimama mbele ya waliokosewa akasema, huyu ni wangu, niulizeni mimi. Nimesimama hivyo kwa ajili ya watoto wa dada zangu wote. Safari hii aliyekosewa ni mimi, na wa kumsimamia mkosaji ni mimi. Sijui nikae upande gani wa baraza.

Neno lako lilisomwa mbele ya watu. Sidhani kama linaweza kurudishwa chini ya meza, kwa karatasi, mimi na wewe. Madereva wenzangu hawakukukosea chochote.

Mjomba wako,
Salumu


Tabata,
3 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimekuelewa. Naomba uamini kwamba nimekuelewa kabla hujasoma yanayofuata.

Nimeandika taarifa mpya, ya kweli, yenye picha za bomba. Nafikiri nikiipata saini ya Bwana Fredi naweza kuituma kwa Bwana Innocent, naye awasomee madereva. Itakuwa rasmi. Nikija mwenyewe bila ruhusa nitaonekana nimekuja kwa sababu ya ndugu yangu, na neno langu litapungua uzito. Pia sikuwahi kumwambia mtu hapa kwamba mmoja wa madereva wale ni mjomba wangu, na sheria ya ofisi ilitaka niseme siku ileile nilipopewa faili. Nikija, hilo litajulikana. Huenda tukasubiri Januari, mkuu mpya wa kanda akishaingia.

Je, barua yenye saini yangu, isomwe na mtu mwingine, haitoshi?

Sharifa


Tabata,
1 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Hukujibu. Wiki ya kwanza nilimlaumu kondakta. Nilikwenda mpaka ofisi ya mabasi nikamwuliza, akaniambia barua uliipokea kwa mkono wako, ukaifungua palepale stendi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaikunja. Nikamwuliza, hakusema kitu? Akasema, "Aliniuliza kama nimekula."

Nimerudia kuisoma nakala yangu ya barua ile. Kila sababu niliyokupa ni ya kweli, na zote zinamlinda mtu mmoja. Nilitaka watu wale wasikie nilichofanya bila kuniona uso. Nilitaka hata aibu yangu isomwe na Bwana Innocent.

Nakuja. Juzi taarifa ya kweli nimeituma kwa kampuni yenu bila saini ya Bwana Fredi, na nimemwambia kwamba nimeituma. Nimemwambia pia kwamba wewe ni mjomba wangu. Hakuvua miwani. Alinitazama nayo tu, kisha akaniomba nifunge mlango nikitoka. Bwana Innocent amekubali kuwakusanya madereva wote Jumamosi ya tarehe kumi na nne, asubuhi.

Sikuombi uwepo. Ukiwepo, usinisimamie. Nitasema mwenyewe kwamba mimi ni wa nani.

Sharifa


Mikindani,
29 Desemba 2024

Mpwa wangu Sharifa,

Marahaba. Umeona nimeandika Mikindani. Nimerudi kwangu.

Mama Yusufu amekasirika kwamba ulitoka yadi ukaenda moja kwa moja stendi, hukuja kula. Alikuwa amepika pweza. Nimemweleza kwamba kuna siku mtu hawezi kumeza, akasema angekufungia cha njiani. Basi jua kwamba una deni la kula, na kwake hilo halisamehewi.

Sikukusemesha siku ile kwa sababu uliniomba nisikusimamie. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusimama. Nilikaa juu ya tairi kule nyuma nikakutazama. Ulianza kusoma karatasi yako ya Kiingereza kwa sauti ya chini. Bwana Innocent akasema, "Dada, Kiingereza weka pembeni, sema tu." Ukaikunja karatasi. Hapo ukasema vizuri. Ulisema barua zilikuwa za mjomba wako, kwamba aliziandika kwa ndugu yake na si kwa ofisi, kwamba hakuna aliyekupa ruhusa, kwamba maneno uliyachagua mwenyewe na gari hukuliona. Ulisema kila kitu isipokuwa kwamba uliogopa. Nilitaka kukiongeza mimi, nikajizuia.

Amiri alipokuuliza, "Injinia, na sisi tukikuandikia barua utatutoa gazetini?" watu walicheka. Wewe hukucheka, ukamjibu, "Mna haki ya kuniogopa." Kicheko kikakatika. Halafu ukafungua boneti ya gari lake, ukapaka povu lako, na vichwa vyote vikainama humo ndani pamoja na chako. Povu lilipovimba Amiri akasema, "Yaani nimechemka, nikasimamishwa, kwa kitundu hiki?" Aliuliza bomba, hakukuuliza wewe. Sijui kama uliliona hilo.

Mafundi wenu walikuja wiki iliyofuata, wakabadilisha mabomba yote na kujaza gesi. Tumerudishwa kazini sote. Mama yako ananiambia umehamishiwa kaunta ya kuuzia vipuri na kwamba umeomba mwenyewe ili ujifunze. Mimi nimemwitikia. Mwaka huu tumemdanganya sana dada yangu, wewe na mimi.

Sasa nikwambie la mwisho. Safu ya msikitini ilinyooka, lakini mazungumzo hayakunyooka siku hiyohiyo. Walinisalimu, wakanipa kahawa, wakaniambia kuna joto. Nikajua bado. Nikajiambia, Salumu, huenda ndivyo itakavyokuwa mpaka ustaafu.

Jana tulikuwa Kitaya, mimi na Amiri, tunapeleka magunia matupu kwa chama cha ushirika. Jua la mwezi huu unalijua. Tunasubiri karani afungue ghala, Amiri akashuka kwenye gari lake, ambalo AC yake ni nzima kama ya kwangu, akaja akafungua mlango wa kwangu. Akaingia, akaufunga. Akavipandisha vioo vyote, cha kwake na cha kwangu. Tukakaa upepo wa baridi unatupuliza. Kisha akaniambia jambo. Ni jambo alilolifanya na gari la kampuni, la kipumbavu kiasi kwamba mkewe halijui na Innocent akilijua atamfukuza. Nilicheka mpaka nikashika usukani kwa mikono miwili. Na yeye akacheka, akanipiga bega.

Alipokuwa anashuka akasema, "Hili usimwandikie yule mtoto wako."

Nikamwahidi, na ahadi hiyo naitimiza hapa mbele yako.

Mjomba wako,
Salumu